Shokapu Zilizovuja Masika: Kisa cha Gari la Rimoti, Maputo na Madigadi ya Dumu

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania, kati ya mwanzo wa masika na mwezi Juni. Majina ya watu, ya mtaa na ya kiwanja yameondolewa. Wahusika ni watatu: kijana mwenye gari, fundi wa pikipiki mwenye kibanda jirani na kiwanja, na mimi ninayeandika, niliyekuwa mshauri wa kwanza na ambaye ushauri wangu, kama itakavyoonekana, ndio ulioongeza hasara.

Gari ni la kuchezea la rimoti: bagi, yaani gari la kukimbizwa na kurushwa kwenye udongo, la umeme na la kipimo cha 1/8 (moja ya nane ya gari halisi), linalosukumwa na magurudumu yote manne na kutumia betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 4, yaani volti 14.8. Lilinunuliwa likiwa limeshatumika. Shokapu zake nne zina mwili wa alumini wenye kipenyo cha ndani cha milimita 16, na shafti ya chuma ya milimita 3.5 inayotokeza upande wa chini. Kwa msomaji asiyeyajua magari haya, shokapu hiyo hufanya kazi kama ya pikipiki: pistoni yenye matundu hupanda na kushuka ndani ya mafuta ya silikoni, mafuta hupenya matundu hayo kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayoituliza springi isiendelee kuruka. Mbele kulikuwa na mafuta ya mnato wa sentistoki 500, nyuma 400. Kinachozuia mafuta yasitoke na uchafu usiingie ni oringi mbili ndogo, yaani pete za mpira, kila moja nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, zilizokaa pale shafti inapotokea.

Hapo ndipo penye udhaifu. Shafti iko chini, karibu na gurudumu, na siku zote ina utando mwembamba wa mafuta juu yake. Udongo ukiugusa utando huo hunasa, kisha shafti inapoingia ndani huubeba mpaka kwenye mdomo wa oringi. Kwa sababu hiyo magari mengi ya aina hii hutoka kiwandani yakiwa na mpira mdogo wa mikunjo unaoivaa shafti. Kwenye gari hili mipira hiyo haikuwapo, kwa kuwa mwenye gari wa awali alikwisha kuivua, na kijana hakujua kwamba kuna kitu kimepungua.

Kiwanja chenyewe kina udongo wa aina mbili. Sehemu ya juu ni udongo wa volkano, mweusi na wenye chembe ngumu; ukiusugua kati ya vidole unakwaruza kama msasa. Sehemu ya chini, maji yanakotuama, ni udongo wa mbuga, ule unaonata kwenye viatu mpaka mtu anaongezeka urefu. Duka la vipuri vya magari haya halipo mjini. Pakiti ya oringi huagizwa nje na kusubiriwa kwa wiki kadhaa, na hali hiyo iliathiri karibu kila uamuzi uliofuata.

Jumamosi ya kwanza

Kijana alitumia betri tatu siku hiyo, mvua ikiwa imekatika saa chache kabla. Kwenye betri ya pili sehemu ya nyuma ya gari ilianza kuruka-ruka kila ilipotua, na chesisi ikawa inapiga chini hata kwenye tuta dogo. Aliendelea mpaka betri ya tatu ikaisha, kisha akaliosha gari kwa mpira wa bustani, akielekeza maji ya kasi moja kwa moja kwenye shokapu ili zing'ae. Zilipendeza kweli. Ila maji ya kasi husukuma chembe kuelekea oringi, mahali ambapo zenyewe zisingefika kwa urahisi.

Jioni alifungua shokapu ya nyuma kushoto. Mafuta yalikuwa yamepungua karibu nusu, yamejaa mapovu na yamegeuka rangi. Rangi ya kijivu peke yake isingetutisha, kwa sababu mwili wa alumini huchakaa kidogo na kuyatia mafuta wingu la kijivu. Haya yalikuwa meusi, na yalipomiminwa kwenye kisosi cheupe yaliacha chembe pembezoni. Oringi zilipotazamwa kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, ukingo wake wa ndani ulikuwa kama kucha iliyotafunwa.

Aliweka oringi za akiba, na ndizo zilikuwa za mwisho. Wakati wa kuzivika alizipaka grisi ya beringi za gari, kosa ambalo halikujulikana mpaka baadaye: grisi inayotokana na mafuta ghafi huivimbisha oringi ya silikoni, na oringi iliyovimba hubana shafti, hupoteza umbo na kuvuja upya. Tone la yale yale mafuta ya shokapu lingetosha.

Kisha akanipigia simu. "Kaka, shokapu zinanimaliza. Nizifunge na nini?"

Nilimjibu bila kufikiri sana kwamba azivishe maputo. Niliwahi kuona maputo yakitumika wakati wa kiangazi, kwenye vumbi kavu, na yalifanya kazi nzuri. Sikumuuliza kiwanja kimelowa kiasi gani. Wazo la kuongeza madigadi juu ya matairi lilikuwa lake mwenyewe, nami nililiunga mkono.

Jumamosi ya pili

Kazi ya maputo ilikwenda hivi. Puto lilikatwa pande zote mbili, mdomo wake mwembamba ukavishwa sehemu ya chini ya shafti na upande mpana ukavutwa mpaka juu ya mwili wa shokapu, ndani ya springi, kisha ncha zote mbili zikakazwa kwa uzi wa kushonea. Tulikaza kwa bidii, kwa nia kwamba hata tone moja lisipite. Shokapu za nyuma tu ndizo zilizovishwa.

Madigadi zilikatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 5. Umbo lake la asili lina mviringo unaofaa, na kwa macho zilipendeza kuliko nilivyotarajia. Zilifungwa kwa skrubu za milimita 3 kwenye kingo za chesisi kwa upande wa mbele na kwenye nguzo ya bawa kwa upande wa nyuma, zikiyafunika matairi ya nyuma kwa juu. Gari likiwa limetulia mezani, nafasi kati ya tairi na madigadi ilikuwa milimita 12. Tulipima mara mbili na tukaridhika.

Kwenye betri ya kwanza mambo yalikwenda salama kwa dakika nne au tano. Gari lilirudi mbele yetu likiwa na mgongo msafi, jambo tusilolizoea, na kijana akaanza kulipitisha kwenye tuta la kurukia. Mruko wa tatu ulikuwa wa juu zaidi. Gari lilitua kwa magurudumu ya nyuma, ukasikika mlio kama wa kadibodi inayochanwa, na gurudumu la kulia likasimama. Kijana, kwa mazoea, akaongeza moto. Mota ilivuma, gari likajizungusha mahali pamoja, kisha kidhibiti mwendo kikajizima chenyewe kwa joto.

Tulipofika tulikuta madigadi ya kulia imemezwa na tairi na kukabwa kati ya tairi na mkono wa sasipensheni, skrubu yake ya mbele imeng'oka pamoja na kipande cha ukingo wa chesisi. Nilikuwa na kipimajoto cha paji la uso kilichobaki tangu siku za korona, nikakielekeza kwenye mota. Kiliandika HI na kukataa kusema zaidi, kwa kuwa vifaa vile hutengenezwa kwa ajili ya joto la binadamu. Kidole kilitosha, nacho hakikudumu pale hata sekunde moja.

Puto la kulia lilikuwa limechanika katika mkasa huo. La kushoto lilikuwa zima kabisa, na tulilitazama kama ushindi wa siku.

Kilichokutwa ndani ya puto zima

Sehemu hii ndiyo sababu ya kukiandika kisa. Tulitandaza gazeti, tukaanza na upande wa kulia, ule uliochanika, tukitarajia balaa. Shafti ilikuwa na matope, lakini ilipofutwa kwa kitambaa ilionekana laini, ina mikwaruzo miwili mitatu hafifu. Mafuta yalikuwa ya kijivu.

Upande wa kushoto tulikata uzi wa chini kwa wembe. Kilichotoka kilikuwa uji mwembamba wa matope, yapata kijiko kimoja cha chai, wenye chembe nyeusi zilizometameta kwenye taa. Tulipoipangusa shafti, ukucha ukipitishwa kwa kuizunguka ulikwama kwenye mistari iliyosimama wima, mingi, karibu pande zote. Uji huo ulikuwa umeisugua shafti na oringi kwa kila mpando na kila mshuko, kwa muda wote wa betri, bila njia ya kutoka. Oringi zilikuwa zimekwisha kwa siku moja.

Kwa hiyo shokapu iliyolindwa kikamilifu iliharibika kuliko iliyopoteza kinga yake. Tulikaa kimya kidogo. Nilijaribu kusema huenda uzi haukukazwa vya kutosha, na nilijua nilipokuwa nasema kwamba natafuta mlango wa kutokea.

Kwenye kibanda cha fundi

Skrubu iliyong'oka ilitupeleka kwa fundi wa pikipiki, mzee wa makamo ambaye hajawahi kushika rimoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo gari limekufa?"

Kijana alimweleza habari za puto. Fundi hakujibu. Alichuchumaa kwenye pikipiki ya bodaboda iliyokuwa mbele yake, yenye mipira ya mikunjo kwenye shokapu za mbele, akaushika mpira mmoja kwa chini. "Hebu ingiza kidole huku. Umeona tundu? Hapo ndipo inapopumulia. Ukipaziba, inakunywa maji."

Maneno hayo yalieleza kila kitu. Puto lililofungwa juu na chini ni pampu. Shokapu inapobanwa, hewa iliyomo hukandamizwa na kujipenyeza nje kupitia uzi. Inaporefuka, puto hutanuka na kuvuta, na kinachovutwa ni kile kilicho karibu na uzi wa chini wakati huo, yaani maji ya matope. Puto hukubali kuingiza, kidogo kidogo, kwa urahisi kuliko linavyokubali kutoa, hasa chembe, kwa sababu chembe ikishapita hushuka na kukaa kwenye kikombe cha chini. Kwenye vumbi kavu pampu hiyo huvuta hewa tu na vumbi kidogo, na ndiyo maana kiangazi maputo yalinipa imani ambayo hayakuistahili.

Maamuzi ya awamu ya pili

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kuliweka gari kabatini mpaka mvua ziishe, na kusema kweli kwa hesabu ya fedha ndiyo iliyokuwa bora, lakini kijana aliikataa kwa kuwa kiwanja hukusanya watu wengi zaidi wakati huo huo wa mvua. Ya pili ilikuwa kuagiza mipira ya kiwandani na kuisubiri. Iliagizwa, pamoja na oringi na shafti mpya, ila haikuweza kuwa jibu la wiki ile. Ya tatu ilikuwa kutengeneza kinga nyingine kwa misingi mipya, nayo ndiyo iliyofuatwa.

Kwa shokapu tuliamua kutumia kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mabonge. Soksi ndefu ya kike ya nailoni ilikatwa vipande vya urefu wa shokapu nzima, kikavishwa kila kimoja kwa nje, juu ya springi, kikakazwa juu kwa kifungo cha plastiki cha kukazia nyaya na kuachwa chini na mpira laini uliolegea, kiasi cha kalamu kupita. Nailoni hiyo haizuii maji wala haikukusudiwa kuyazuia. Kazi yake ni kuyakatalia mabonge yasikwame kati ya mizunguko ya springi na yasiangukie shafti moja kwa moja, kisha maji yanayoingia yatoke na kile kidogo yalichobeba.

Kwa madigadi, swali la kwanza lilikuwa matope yanatoka wapi, swali ambalo tulipaswa kuliuliza kabla ya kugusa mkasi. Tope linalobanduka kwenye tairi huondoka kwa mstari ulionyooka kutoka pale lilipobandukia. Linalobanduka nyuma ya tairi hupanda juu. Linalobanduka juu ya tairi hurushwa mbele, na gari lenyewe hulikuta njiani. Kwa bagi hii, kilichokuwa kikizipiga shokapu za nyuma kwa wingi kilikuwa matope ya matairi ya mbele, yaliyorushwa kurudi nyuma na kuangukia mikono ya nyuma. Madigadi zetu za dumu zilikuwa zimefunika juu ya matairi ya nyuma. Zilisafisha bodi na bawa, na shokapu zikabaki wazi kwa upande wa mbele.

Tukahamisha kila kitu. Madigadi mpya, ndogo kama kiganja cha mtoto, ilifungwa kwenye mkono wa sasipensheni wenyewe, kwenye ukingo wake wa mbele, ikisimama kama ngao kati ya tairi la mbele na shokapu ya nyuma. Kwa kuwa imefungwa kwenye mkono, hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, na nafasi kati yake na tairi haibadiliki kwa mruko wala kwa mtuo. Ilikatwa kutoka kwenye bodi kuukuu ya polikaboneti (plastiki nyepesi inayotengenezewa bodi za magari haya) ya unene wa takriban milimita 1. Kwanza ilichorwa kwenye boksi la maziwa, boksi likakatwa na kujaribiwa mara nne mpaka likakaa, ndipo polikaboneti ikakatwa kwa kufuata boksi hilo. Kona zote zilizungushwa na matundu ya skrubu yakalainishwa kingo, kwa sababu ufa wa polikaboneti huanzia kwenye kona kali au tundu lenye meno. Kijana alitaka kufuta rangi ya zamani kwa thina. Tulimzuia, kwa kuwa thina na petroli huifanya polikaboneti ipasuke nyufa ndogo ndogo, wakati mwingine baada ya siku kadhaa.

Nyuma ya kila tairi la mbele kilining'inizwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimefungwa kwenye ukingo wa chesisi kwa skrubu mbili na washa pana. Tyubu ilichaguliwa kwa sababu moja: tairi likiigusa wakati wa kukata kona, inapinda na kurudi.

Kabla ya kurudi kiwanjani tulipima upya, safari hii springi zikiwa zimevuliwa. Mkono ulinyanyuliwa mpaka ukagota juu, ukashushwa mpaka ukagota chini, na magurudumu ya mbele yakazungushwa mpaka mwisho wa usukani kila upande, huku mkono ukiwa juu na ukiwa chini. Gurudumu la nyuma lilipanda zaidi ya milimita 30 kutoka mahali lilipokaa mezani. Milimita 12 tulizozifurahia wiki iliyopita hazikuwa kitu. Zaidi ya hapo, tairi la mpira huvimba kwa kasi kubwa, hivyo tuliacha milimita 6 mahali palipobana zaidi. Hatukujaribu kuzungusha matairi hewani kwa moto wote ili kuona yanavimba kiasi gani. Tairi lisilo na mzigo linaweza kuchanika au kubanduka kwenye rimu, na hatukuwa na matairi ya akiba.

Matokeo

Gari liliendelea kutumika kwa Jumamosi sita zilizofuata. Madigadi za mikononi hazikugusa tairi hata mara moja. Tyubu za mbele zilibadilishwa mara mbili kwa kuchanika kwenye matundu ya skrubu, kazi ya dakika kumi. Shokapu ya nyuma kulia, iliyovishwa oringi zilizopatikana kwa mwenzetu mmoja wa kiwanjani, ilifunguliwa mwishoni mwa Mei na mafuta yake yalikuwa ya kijivu, kiwango kikiwa karibu kamili.

Kushoto haikuwa hivyo. Oringi mpya zilianza kutoa jasho la mafuta kuanzia Jumamosi ya pili ya majaribio, kwa sababu mistari ile kwenye shafti ilikuwa bado ipo na kila mshuko ulizikata upya. Kijana aliing'arisha shafti kwa msasa namba 2000 uliolowekwa mafuta. Uvujaji ukapungua bila kuisha. Akawa anaongeza mafuta kila baada ya betri mbili, kwa sirinji ya duka la dawa, mpaka Juni.

Soksi zilifanya kazi kwa kutegemea udongo. Sehemu ya juu ya kiwanja, kwenye mchanga wa volkano, zilirudi zimelowa na kuchafuka, huku shafti ikiwa na maji tu. Sehemu ya chini zilikuwa balaa. Udongo wa mbuga ulizipaka plasta kwa nje mpaka kila shokapu ikawa kama muhogo uliotoka shambani, uzito ukaongezeka, na springi ikashindwa kufunguka upesi. Madigadi nazo zilijaza udongo huo katika pengo kati yake na mkono, mpaka tulipozikata upande wa chini na kuacha mwanya wa kutolea. Baada ya hapo kijana alikuwa akivua soksi kabla ya kwenda sehemu ya chini, na kukubali kuchafuka.

Kuosha nako kulibadilika. Gari liliachwa likauke nusu, matope makubwa yakaondolewa kwa brashi laini, soksi zikavuliwa zikiwa bado na unyevu na kufuliwa kando, kisha shafti ikafutwa kwa mswaki wa zamani na kitambaa kabla ya kusukumwa hata mara moja. Mpira wa bustani haukutumika tena karibu na shokapu.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa la dhana. Tuliiona kinga kama ukuta, na tukapima ubora wake kwa uimara wa fundo. Katika matope, chombo kinachotembea kama shokapu hakizibiki. Kitavuta kitu, na swali la maana ni kilichoingia kitatokea wapi. Tundu la fundi, mpira uliolegea chini ya soksi na mwanya chini ya madigadi ni jambo lile lile katika sehemu tatu, na katika zote tatu tulilifikia baada ya kuharibu. Hata kwenye magari makubwa akili ni hiyo hiyo: katika Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, yameonekana magari yenye bomba la kuvutia hewa lililopandishwa mpaka usawa wa paa. Injini lazima ivute, kwa hiyo walichohamisha ni mdomo wake.

Kosa la pili lilikuwa la kupima. Gari lililotulia mezani halifanani na gari linalotua kutoka hewani, na jambo hili linajulikana kwa yeyote aliyewahi kulitazama likitua. Kuvua springi na kuunyanyua mkono kwa kidole huchukua dakika tano. Hatukulifanya kwa sababu madigadi zilikuwa zimependeza, na kitu kilichopendeza hakivutii kukaguliwa.

Kuhusu dumu, ninaona lilihukumiwa bila kosa. Wenzetu kadhaa kiwanjani waliondoka na fundisho kwamba plastiki ya dumu haifai, wakati plastiki hiyo ni imara, inapinda bila kuvunjika na inapatikana kila nyumba. Haikubali gundi, hilo ni kweli, lakini hapa ilifungwa kwa skrubu. Kilichoshindwa ni mahali pa kufungia: madigadi ilikaa kwenye chesisi, gurudumu likatembea, na vitu viwili vyenye mwendo tofauti vikakutana. Dumu lilelile lingefungwa kwenye mkono, naamini lingedumu kama polikaboneti, labda zaidi. Hoja kwamba madigadi ya mkononi huongeza uzito kwenye sehemu inayotembea na kuipunguzia sasipensheni wepesi ni sahihi kinadharia, ila vipande vyetu vilikuwa vyepesi mno ukilinganisha na bonge moja la udongo wa mbuga lililokuwa likikaa mahali palepale.

Lipo pia kosa la utaratibu ambalo lilikaribia kutunyima fundisho lote. Tulibadilisha maputo na madigadi siku moja. Kama puto la kulia lisingechanika, tungekuwa na shafti mbili zilizokwaruzika na tungelaumu oringi, au grisi, au ubovu wa gari la mtumba. Ulinganisho tuliopata ni wa bahati, na hata huo una doa: upande wa kushoto ndio uliokuwa umevikwa oringi zenye grisi ya gari, kwa hiyo sehemu ya uharibifu wa oringi hizo haiwezi kutengwa na puto. Mikwaruzo ya shafti, hata hivyo, haikuletwa na grisi.

Na ushauri wangu. Nilimpa kijana jibu lililokuwa sahihi mahali pengine, kwa udongo mwingine na majira mengine. Swali moja tu, "kiwanja kimelowa?", lingebadilisha jibu, na simu ile ilikuwa na muda wa kutosha kuliuliza. Kijana hakunilaumu, ila tangu siku ile nikimshauri jambo huniuliza kwanza kama nimeshamuuliza fundi.

Yaliyofanyika kwa manufaa yalikuwa machache. Kutunza mafuta yaliyotolewa kwenye kisosi na kuyatazama kabla ya kuyamwaga kulituonyesha hali ya oringi mapema. Kiolezo cha boksi la maziwa kiliokoa polikaboneti, ambayo tulikuwa na kipande kimoja tu. Na kufungua hata shokapu iliyoonekana salama, kazi ambayo mimi niliona haina haja na kijana akaisisitiza, ndiko kulikotuonyesha uji ule.

Shafti mpya na mipira ya kiwandani vilifika katikati ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Mipira hiyo ina vitundu viwili kwa chini, vidogo kiasi kwamba tusingeviona kama tusingekuwa tunavitafuta. Imefungwa kwenye shokapu za nyuma, shafti ya kushoto imebadilishwa na haivuji. Soksi zimebaki mbele, ambako vumbi la kiangazi limeanza kuzigeuza rangi.